Kisu Si Mwisho: Tumtayarishe Mwenzetu kwa Kemotherapi Baada ya Upasuaji wa Titi



Wengi wetu tumeliona jambo hili. Mwenzetu wa kikundi anapatikana na saratani ya titi. Kikundi kinashtuka, kisha kinafanya kazi. Tunachanga, tunaita harambee, mwingine anauza mbuzi, na siku ya upasuaji tunajaa hospitalini. Akirudi nyumbani twaenda kumwona na sukari, unga na majani chai. Tunamwambia, "Pole mama, sasa umepona." Kisha kila mtu anarudi kwa shamba lake, na kitabu cha michango kinafungwa.

Kumbe yeye ana karatasi chini ya mto. Karatasi hiyo inasema arudi hospitali baada ya wiki chache aanzishiwe kemotherapi, ile dawa kali ya kupitishwa kwa mshipa ambayo wengi wetu twaiita kemo. Anaona haya kuwaambia watu waliokwisha kuchanga kwamba safari bado. Siku zapita. Mama anaweza kuchelewa hivyo, si kwa kuikataa dawa, bali kwa kuona aibu ya kuomba mara ya pili.

Saratani ya titi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi kuliko saratani nyingine hapa Kenya. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha zaidi ya wagonjwa wapya 6,700 kwa mwaka mmoja. Kwa hivyo jambo hili litafika kwa kikundi chako pia, ikiwa halijafika. Neno letu leo ni moja: kisu si mwisho. Wiki zile kati ya upasuaji na dripu ya kwanza ni wiki za kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo yaweza kufanywa na kikundi.

KWA NINI DAWA TENA, NA UVIMBE UMESHATOLEWA?

Kila mkulima anaijua sangari. Unalima, unang'oa kila unachokiona, shamba linakuwa safi kabisa. Lakini vipande vidogo vya mizizi hubaki chini, na mvua ikinyesha unaiona tena. Saratani nayo ni hivyo. Daktari hutoa uvimbe anaouona, lakini chembechembe ndogo zisizoonekana kwa macho wala kwa picha zaweza kuwa zimeshatoroka kupitia damu. Kemo hupita mwilini mwote kuzitafuta hizo.

Si kila mama hupewa kemo. Wengine huipata kabla ya upasuaji ili uvimbe upungue, na wengine hawaihitaji kabisa. Daktari huamua kwa kuangalia majibu ya maabara, umri na afya ya mgonjwa. Kwa hivyo tusimwambie mwenzetu, "Mbona fulani hakupewa?" Saratani ya fulani si yake.

Mara nyingi kemo huanza kati ya wiki 4 na wiki 8 baada ya upasuaji, kidonda kikishapona vizuri. Uchunguzi umeonyesha kwamba kungoja zaidi ya siku 90 hupunguza matumaini ya kupona. Basi, tuhesabu siku tangu siku ya kisu.

KAZI YA KWANZA: MAJIBU NA VIPIMO

Nyama iliyotolewa hupelekwa maabara. Majibu yanapaswa kusema ukubwa wa uvimbe, tezi ngapi za kwapani zina saratani, na mambo mengine mawili ya maana sana: kama saratani inalishwa na homoni za mwili, na kama ina kitu kiitwacho HER2. Kipimo hiki cha pili mara nyingi hulipiwa kando, na kisipolipiwa hakifanywi. Hapo ndipo wengi hukwama. Mama anafika kuanza dawa, daktari anauliza majibu, hayapo, anarudishwa nyumbani. Kikundi kichague mtu mmoja wa kuyafuatilia majibu haya tangu wiki ya kwanza.

Majibu hayo huamua mengi ya mbele. Saratani inayolishwa na homoni hupewa vidonge kila siku kwa miaka 5 au zaidi, baada ya kemo kwisha. Yenye HER2 ina dawa yake iitwayo trastuzumab, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin. Dawa hiyo ilikuwa ghali mno kwa watu wetu. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza mpango wa kuilipia kupitia SHA katika hospitali zilizochaguliwa. Kwa hivyo, majibu yakisema HER2 ipo, uliza mara moja ni hospitali gani.

Kabla ya dripu ya kwanza daktari pia hutaka kupima damu, figo na ini. Mara nyingi hupima virusi vya homa ya ini na UKIMWI, kwa sababu hivyo navyo vyahitaji kudhibitiwa wakati kinga ya mwili imeshuka. Kama atapewa ile dawa nyekundu, moyo nao hupimwa kwa picha iitwayo eko. Mgonjwa hupimwa pia uzito na urefu, kwa maana dawa hukadiriwa kulingana na mwili wake.

Aende na vitu hivi katika mfuko mmoja: kitambulisho, karatasi za upasuaji, majibu ya maabara, na dawa zote anazotumia, iwe ni za presha, za sukari au ARV. Mwenye sukari aseme mapema, maana baadhi ya dawa za kuzuia kutapika hupandisha sukari. Na kama anakunywa dawa za miti shamba, aseme pia bila kuogopa. Nyingine huchosha ini au hugongana na kemo. Daktari asiyejua hawezi kumlinda.

KAZI YA PILI: MWILI

Meno. Jino bovu ambalo leo linauma kidogo tu laweza kuleta hatari wakati kinga imeshuka. Ling'olewe au lizibwe kabla ya kuanza, ili ufizi upate wakati wa kupona.

Mkono. Mkono wa upande uliopasuliwa ufanyishwe mazoezi pole pole kama alivyofundishwa hospitali, usije ukakauka. Tezi za kwapani zikiwa zimetolewa, mkono huo waweza kuvimba. Aukinge na mikwaruzo ya shambani, avae glavu, na akijikata aoshe kidonda upesi. Dripu iingizwe mkono wa pili.

Uzazi. Jambo hili watu huliogopa, lakini ni lazima lisemwe. Mama asishike mimba wakati wa kemo, maana dawa yaweza kumdhuru mtoto. Njia za uzazi zenye homoni, yaani vidonge, sindano na vijiti, kwa kawaida hazifai kwa mwenye saratani ya titi. Azungumze na muuguzi juu ya kondomu au koili isiyo na homoni. Anayenyonyesha ataambiwa aache. Na mama kijana anayetaka watoto baadaye amwambie daktari kabla ya kuanza, kwa sababu kemo yaweza kusimamisha hedhi, na kwa wengine isirudi. Mzee wa nyumba awepo kwa mazungumzo haya, kama mama mwenyewe ataka.

KAZI YA TATU: KALENDA NA PESA

Utaratibu mmoja unaotumiwa sana ni huu: mara 4 za dawa mbili, mojawapo ikiwa ile nyekundu, kisha mara 4 za dawa nyingine. Kila mara hufuatana na nyingine kwa siku 21. Mara 8 kwa siku 21 ni siku 168, karibu miezi 6. Wengine hupewa dawa hiyo ya mwisho kila wiki kwa wiki 12. Daktari atasema ni upi. Kikundi kiandike tarehe zote kwenye kalenda moja kubwa, ibandikwe ukutani.

Siku moja au mbili kabla ya kila dripu, damu hupimwa. Chembe za damu zikiwa chache, dawa huahirishwa. Hilo likitokea si kwamba dawa imeshindwa. Lakini uliza kama damu yaweza kupimwa hospitali ya karibu, majibu yapigiwe simu, ili mama asisafiri bure.

Sasa tupige hesabu. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni KSh 700 kwa mtu mmoja. Mgonjwa asiende peke yake, kwa hivyo ni KSh 1,400 kila safari. Mara 8 ni KSh 11,200. Kikundi cha watu 20 kikigawana, ni KSh 560 kila mmoja, yaani chini ya KSh 100 kwa mwezi. Mzigo unaomlemea mtu mmoja umekuwa mwepesi. Wengine waweza kumpa zamu yake ya mzunguko mapema, kabla ya dripu ya kwanza, badala ya kungoja ifike Desemba.

Dawa yenyewe haiwezekani kwa harambee za kila mwezi. Hapo ndipo SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, inapohitajika. Aliyekuwa na kadi ya NHIF lazima ajiandikishe upya, na waweza kufanya hivyo kwa simu kwa kubonyeza *147#. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya nyumba yake na kulipa mchango wa mwaka. Kiwango cha chini kabisa ni KSh 300 kwa mwezi, yaani KSh 3,600 kwa mwaka. Mchango uwe umelipwa kabla ya siku ya dawa, si siku hiyo. Malipo ya saratani yana kikomo kwa kila nyumba kwa mwaka, basi uliza ofisini: kimebaki kiasi gani, na idhini ya dripu imeshatoka? Swali hili liulizwe kila mara.

Na siku hizi kemo haitolewi Nairobi na Eldoret peke yake. Nakuru, Mombasa na Garissa kuna vituo vya saratani, na hospitali kadhaa za kaunti hutoa dawa pia. Uliza kama mwenzenu aweza kuandikiwa barua ya kuhamishiwa karibu na nyumbani.

KAZI YA NNE: HOMA HAINGOJI ASUBUHI

Ndugu, ukisahau mengine yote, hili usilisahau.

Kemo huua chembe za saratani, lakini hupunguza pia chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Mara nyingi askari hawa huwa wachache zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Wakati huo kijidudu ambacho kwako wewe kingeleta mafua tu, kwake chaweza kuingia katika damu na kumwua kwa muda mfupi. Dalili ya kwanza, na pengine ya pekee, ni homa.

Sasa, huku kwetu homa ni nini? Ni malaria. Mtu akitetemeka usiku tunampa Panadol, tunamfunika blanketi, tunasema asubuhi tutaenda zahanati. Kwa mgonjwa wa kemo usiku huo waweza kuwa wa mwisho. Panadol hushusha joto na kuficha ugonjwa, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Na hata kipimo cha malaria kikionyesha ipo, haina maana kwamba hakuna kingine.

Basi, kabla ya dripu ya kwanza, kikundi kihakikishe mambo matano:

1. Nyumba ina kipima joto, na watu wawili wanajua kukisoma.

2. Kila mtu nyumbani anajua namba moja: 38. Joto likifika digrii 38 au kupita, au akitetemeka kwa baridi hata bila joto, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku.

3. Kuna makubaliano na mwenye gari au boda boda, namba yake imeandikwa ukutani, na pesa ya mafuta iko kwa mweka hazina tayari. Hakuna kuitisha mkutano usiku.

4. Inajulikana ni hospitali gani ya karibu iliyo wazi usiku na yenye daktari.

5. Kuna barua ya daktari wa saratani inayotaja dawa anazopewa. Akifika, neno la kwanza liwe: "Huyu yuko kwa kemo na ana homa." Asipange foleni. Anahitaji dawa ya kuua vijidudu kwa mshipa haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja.

Hospitali aende pia akitapika hata maji yasikae, akiharisha sana, akitoka damu isiyokoma, akishindwa kupumua vizuri, au vidonda vya mdomo vikimzuia kumeza.

Zile siku za 7 hadi 14 zipakeni rangi nyekundu kwenye kalenda. Asiende sokoni, matangani wala mahali pa msongamano. Mwenye mafua asimtembelee, amtumie salamu. Kusafisha banda la kuku na kuzoa samadi kufanywe na mwingine. Mikono ioshwe kwa sabuni na kila aingiaye. Maziwa yachemshwe, mayai yaive, matunda yaoshwe kwa maji safi na kumenywa.

SIKU YENYEWE, NA SIKU ZINAZOFUATA

Ale kidogo kabla ya kwenda, abebe maji, kitu cha kutafuna na sweta, maana atakaa kwa saa nyingi. Nguo iwe ya mkono mpana. Dripu ikiingia, mkono ukiuma au kuwaka moto amwite muuguzi papo hapo, asivumilie. Dawa nyingine ikimwagika nje ya mshipa huunguza nyama. Hapa uvumilivu si sifa.

Aliyepewa dawa nyekundu atakojoa mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili. Si damu, ni rangi ya dawa. Aambiwe mapema asije akafa kwa hofu.

Dawa za kuzuia kutapika zimezwe kwa saa zake, kabla kichefuchefu hakijaanza. Ale kidogo kidogo mara nyingi: uji, viazi vilivyopondwa, mayai yaliyoiva, ndengu. Chai ya tangawizi huwasaidia wengine. Kwa mdomo, asukutue kwa kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye nusu kijiko kidogo cha chumvi, mara nne au zaidi kwa siku, na mswaki uwe laini.

Kwa siku mbili baada ya dripu, dawa hutoka kwa mkojo, haja kubwa na matapishi. Choo kiwe safi na kufunikwa, anayefua nguo zilizochafuka avae glavu, na mama mja mzito aachie wengine kazi hiyo. Lakini kumkumbatia, kula naye na kuketi naye hakuna neno. Saratani haiambukizi, na kemo haiambukizi.

NYWELE, NA MANENO YA WATU

Kwa dawa hizi nywele hung'oka, mara nyingi wiki ya 2 au ya 3 baada ya dripu ya kwanza. Zitaota tena matibabu yakiisha. Ni vizuri zikatwe fupi mapema, leso au kofia ziwe tayari, na watoto waelezwe na mama mwenyewe kabla hawajaona mto umejaa nywele. Mtoto asiyeambiwa hujitungia lake, na mara nyingi hujitungia baya zaidi.

Watu nao watasema. Wengine watasema amerogwa, ati kemo ndiyo inayoua. Wengine watamwambia aache dawa kwa kuwa ameombewa. Sisi twasema: tumwombee, na tumpeleke kwa dripu yake. Hakuna ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Mwisho, ugonjwa ni wake. Kabla ya kutangaza mkutanoni, kumwuliza nani ajue na nini kisemwe ni heshima. Wengi wanaona haya kusema neno "titi" mbele ya wanaume, na wengine hawataki harambee yenye picha yao ukutani. Mwenyekiti aende nyumbani kwake na mwenzake mmoja, waketi, waulize: "Dada, safari iliyobaki ni ipi, na ungependa tusaidie wapi?" Swali hilo likiulizwa mapema, ile karatasi itatoka chini ya mto.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, tumewahi kufunga kitabu cha michango kabla safari ya mgonjwa haijaisha? Ilikuwaje?

2. Usiku wa leo mwenzetu akipata homa, ni nani ana gari, pesa iko kwa nani, na tutampeleka wapi?

3. Ni nani kati yetu bado hajajiandikisha SHA, au mchango wake haujalipwa?

4. Zamu za kumsindikiza, kumpikia na kumlimia kwa miezi 6 tutazigawa vipi, bila kumchosha mtu mmoja?